Ufito mkongwe wa mwanzi: ni mali au ni kuni?

Katika minada ya mali za marehemu na katika maduka ya vitu vya kale mjini Durban, Afrika Kusini, mara kwa mara hujitokeza kifurushi chembamba cha kitambaa kilichofungwa kwa utepe. Ndani yake mna vipande viwili au vitatu vya mwanzi uliopakwa vanishi, vyenye vipete vidogo vya chuma na nyuzi za hariri zilizofifia rangi.

Huo ni ufito wa kuvulia samaki aina ya trauti, chombo ambacho huenda kina umri wa miaka 60, 80 au hata 100. Muuzaji hulisifu jina la fundi lililoandikwa juu ya mpini. Mnunuzi naye hubaki na swali moja: je, hiki anachokishika mkononi ni mali au ni kuni?

Swali hilo si la watu wa Durban peke yao. Fito kama hizo zilifika pia Kenya wakati wa ukoloni, na wapo Waafrika Mashariki, nyumbani na ughaibuni, waliorithi au kununua ufito wa aina hiyo bila kujua kama unafaa kuingia mtoni au kutundikwa ukutani.

Jibu linahitaji subira kuliko fedha. Ufito mkongwe hauchaguliwi kwa jina lake, bali kwa afya yake na kwa maji utakaovuliwa. Na kwa mtu anayeishi pwani yenye joto na unyevu kama Durban, adui mkubwa wa ufito huo hayuko mtoni, yuko nyumbani na ndani ya gari.

Kazi ya ufito

Mvuvi wa kawaida wa mshipi hutegemea uzito wa chambo au wa risasi kuufikisha mshipi mbali. Uvuvi wa nzi bandia ni tofauti. Chambo chake ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu wa majini, na uzito wake ni mdogo mno.

Kitu chepesi kiasi hicho hakirushiki. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao hutengenezwa mnene na mzito kwa makusudi. Ufito hupinda unapovutwa nyuma, hukusanya nguvu kama upinde wa mshale, kisha hunyooka na kuupeleka mshipi mbele. Nzi bandia hufuata tu.

Kwa hiyo ufito ni springi. Ubora wake wote umo katika jinsi unavyopinda na jinsi unavyorejea katika unyofu wake. Springi iliyolegea, iliyopasuka au iliyofupishwa haiwezi kufanya kazi hiyo, hata kama fundi aliyeitengeneza alikuwa bingwa wa zama zake.

Mwanzi kutoka Uchina

Fito za zamani kabisa zilikuwa za mbao, hasa mti mgumu uitwao greenheart, unaotoka Guyana. Mafundi walipogeukia mwanzi, walianza na ule uliosafirishwa kutoka India kupitia bandari ya Calcutta. Baadaye wakauacha na kuchukua mwanzi mwingine kutoka kusini mwa Uchina, unaoitwa Tonkin katika biashara, ingawa asili yake ni jimbo la Guangdong.

Sifa ya mwanzi huo ni kwamba nyuzinyuzi zake zimesongamana kwa wingi karibu na ganda la nje, na vifundo vyake havijavimba sana. Ndiyo maana unapinda sana bila kuvunjika.

Ufito haukatwi tu kutoka kichakani. Fundi huupasua mwanzi mkavu kuwa papi nyembamba, kisha huzipiga randa moja moja mpaka kila upapi uwe na pembe tatu zilizo sawa na upungue unene kidogo kidogo kuelekea ncha. Papi sita huunganishwa kwa gundi, na ufito unaopatikana una pande sita badala ya kuwa mviringo. Tofauti ya unene mdogo kuliko ule wa karatasi hubadili tabia ya ufito mzima.

Nchini Marekani, sifa ya kuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo hupewa Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa Easton, Pennsylvania, katikati ya karne ya 19. Hiram Leonard wa Bangor, jimbo la Maine, ndiye aliyeifanya kuwa biashara kubwa katika miaka ya 1870. Nchini Uingereza, kampuni ya Hardy iliyoanzishwa mwaka 1872 katika mji wa Alnwick ilizieneza fito zake katika makoloni yote, nyingi zikiwa na nembo ya Palakona.

Enzi hiyo ilififia baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Fito za nyuzi za kioo zilikuwa zimekwisha kuingia sokoni kwa bei nafuu. Kisha, mwishoni mwa mwaka 1950, Marekani iliweka vikwazo vya biashara dhidi ya Uchina kwa sababu ya vita vya Korea, na mafundi wa Marekani wakabaki na akiba ya mwanzi waliyokuwa nayo ghalani. Miaka ya 1970 zilipofika fito za nyuzi za kaboni, nyepesi na zenye nguvu, mwanzi ukabaki kuwa kazi ya mafundi wachache wanaotengeneza ufito mmoja mmoja.

Samaki mgeni

Trauti si samaki wa Afrika kusini mwa Sahara. Trauti wa kahawia ana asili ya Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua anatoka katika mito inayoingia bahari ya Pasifiki, hasa magharibi mwa Amerika Kaskazini.

Katika koloni la Natal, ambalo leo ni jimbo la KwaZulu-Natal, majaribio ya awali ya kuleta mayai ya trauti yalishindikana. Mwaka 1890 juhudi za John Clarke Parker zilifanikiwa. Mayai yaliyotoka Scotland yaliangulia, na vifaranga wa trauti wa kahawia wakaachiliwa katika mito ya Bushmans, Mooi na uMngeni.

Mito hiyo huanzia katika nyanda za juu na milima ya Drakensberg, ambayo Wazulu huiita uKhahlamba. Mmoja wao, uMngeni, huteremka mpaka Durban kwenyewe na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Lakini trauti hawezi kuufuata mto mpaka huko. Maji ya pwani yana joto linalomuua. Mkazi wa Durban anayemtaka trauti hana budi kusafiri saa mbili au tatu kupanda milimani, kuelekea sehemu kama Kamberg, Lotheni, Himeville au Underberg.

Afrika Mashariki ina historia inayofanana na hiyo. Mwaka 1905, Ewart Grogan, mlowezi aliyejipatia umaarufu kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki wakawekwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Kutoka hapo na kwa mayai mengine yaliyofuata, trauti walienea katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya.

Jambo moja katika historia hiyo linastahili kutajwa. Mito mingi ya Aberdare hupita katikati ya misitu minene ya mianzi. Mlowezi aliyesimama hapo akivua alizungukwa na mwanzi wa Kenya, huku mkononi ameshika mwanzi uliokatwa Uchina, ukachongwa Uingereza na kuletwa kwa meli. Mtoto wa Kikuyu aliyembebea mkoba aliujua msitu ule kuliko yeye, lakini hakuwa na ruhusa ya kuvua. Ufito mkongwe unabeba historia hiyo pia, na anayeununua leo anainunua pamoja nao.

Kuchagua: macho kabla ya jina

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni ufito wa mwanzi wa papi sita. Utazame kwa karibu. Ukiwa na pande sita, na mistari ya maungio ikionekana kwenye kila pembe, huo ni wa mwanzi. Ukiwa mviringo na wenye rangi nzito ya mbao, huenda ni greenheart, ambao ukizeeka hukatika ghafla bila onyo.

Hatua ya pili ni kujihadhari na masanduku ya mbao yenye kung'aa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani vilitengeneza fito nyingi za rangi ya dhahabu, zikauzwa kama kumbukumbu kwa askari na watalii, zikiwa zimepangwa ndani ya kisanduku pamoja na nzi bandia. Zinapendeza macho, lakini nyingi hazina uwezo wa kurusha mshipi. Anayeuza sanduku kama hilo kwa bei ya juu kwa sababu tu ni la kale, ama hajui ama anajua sana.

Hatua ya tatu ni kupima urefu. Vipande vya ufito mmoja kwa kawaida hulingana. Vilaze kando kwa kando. Ikiwa ncha ni fupi kuliko vipande vingine, basi ilivunjika, na kipete cha mwisho kikafungwa upya. Upungufu wa sentimita mbili au tatu unavumilika. Ukizidi hapo, springi imebadilika, na ufito utakuwa mgumu na mzito kuliko fundi alivyokusudia. Fito nyingi nzuri ziliuzwa na ncha mbili. Ikiwa zote mbili zipo na zina urefu wake, hiyo ni dalili ya mmiliki aliyekuwa mwangalifu.

Hatua ya nne ni unyofu. Shika kila kipande usawa wa jicho, ukitazame kama seremala anavyotazama ubao, huku ukikizungusha polepole. Mpindo mwepesi unaosambaa taratibu ni jambo la kawaida kwa ufito uliofanya kazi, na fundi anaweza kuunyoosha kwa joto la kiasi. Kona kali mahali pamoja ni habari nyingine. Hapo nyuzinyuzi zimevunjika ndani, na siku moja ufito utakatika papo hapo.

Hatua ya tano ni gundi. Fito za zamani ziligandishwa kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea kwa unyevu na joto. Unganisha ufito, ushike mpini, uutikise kwa upole huku sikio likiwa karibu. Ufito mzima hukaa kimya. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kugonga, huenda papi zimeachana au kiungio kimelegea. Pitisha ukucha juu ya maungio. Ukucha ukinasa na kuingia katika ufa, gundi imeachia.

Hatua ya sita ni viungio. Hivi ni vikopo vya shaba nyeupe vinavyounganisha vipande, kimoja kikiingia ndani ya kingine. Vinapaswa kuingiana kwa ulaini na kubana bila kucheza, na vinapotenganishwa kwa mvuto ulionyooka vitoe mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa. Kiungio kilichopasuka hubadilishwa, lakini gharama ya kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya ufito wenyewe.

Mambo mengine yote, kama nyuzi za hariri zilizochakaa, vanishi iliyopauka, mpini wa koki wenye uchafu wa miaka, au kipete kilichoota kutu, ni ya kurekebishika. Watu wengi huukataa ufito mzuri kwa sababu ya uchafu, na kuukubali mbovu kwa sababu uling'arishwa jana. Vanishi mpya juu ya ufito mkongwe inafaa kumtia mnunuzi wasiwasi, kwani inaweza kuficha nyufa.

Baada ya hatua hizo zote ndipo jina la fundi liangaliwe. Jina kubwa huongeza bei mara kadhaa, na ufito wa jina kubwa wenye afya ni hazina. Lakini ufito mzima wa kampuni isiyojulikana utavua trauti wengi kuliko ufito mashuhuri wenye ncha iliyokatwa.

Ufito na maji yake

Vijito vya Drakensberg vina maji mepesi, mawe mengi na samaki wasio wakubwa. Trauti wa sentimita 25 au 30 ni wa kawaida, na mvuvi mara nyingi huhitaji kurusha mshipi mita nane au kumi tu. Katika maji hayo ufito wa futi saba hadi nane, wenye kupinda kwa urahisi, ndipo unapoonyesha thamani yake. Humshusha nzi polepole juu ya maji, na samaki mdogo huonekana mkubwa kwa jinsi unavyomhisi mkononi.

Mabwawa ya mashamba ya Underberg na Kamberg ni jambo tofauti. Huko upepo unavuma, samaki ni wakubwa, na mshipi unatakiwa kwenda mbali. Ufito wa mwanzi wa futi tisa unaiweza kazi hiyo, lakini huenda ukawa na uzito maradufu ya ule wa kaboni. Baada ya saa nne mkono huchoka. Anayepanga kuvua mabwawani siku nzima hafanyi kosa akibaki na kaboni.

Aidha, mnunuzi ajue uzito wa mshipi unaofaa. Leo mishipi hupangwa kwa nambari, lakini utaratibu huo ulianza miaka ya 1960. Kabla ya hapo mishipi ya hariri ilitambulishwa kwa herufi, na ukiona maandishi kama HDH juu ya ufito, fahamu kwamba unahitaji takriban mshipi nambari 5 au 6 wa siku hizi. Kwenye ufito usio na maandishi, anza na mshipi mwepesi kisha upande. Mshipi mzito kupita kiasi huuchosha mwanzi, na uchovu wa mwanzi hauponi kwa kupumzika.

Kuvua bila kuuvunja

Aliyezoea kaboni huona kwamba ufito wa mwanzi unachelewa. Kwa kweli hauchelewi, bali una mwendo wake. Mshipi ukirushwa nyuma, mvuvi angoje mpaka unyooke wote, ndipo aanze kuuleta mbele. Mwenye pupa husikia mlio kama wa mjeledi, naye hupoteza nzi bandia, na baadaye hupoteza ncha. Haraka haraka haina baraka, na kwa ufito wa mwanzi msemo huo ni kanuni ya ufundi.

Ndoana ikinasa kwenye jiwe au tawi, usivute kwa ufito. Uelekeze ufito moja kwa moja kwenye mshipi, kisha vuta mshipi kwa mkono. Uzi mwembamba wa mwisho ukatike kuliko ncha ya miaka 80.

Samaki akiwa karibu na wavu, usiunyanyue ufito wima na kuulaza nyuma ya bega. Mpindo wote huhamia kwenye ncha, na fito nyingi za kale zilikufa namna hiyo, samaki akiwa hatua moja tu kutoka mkononi. Nyoosha mkono upande, acha mpindo ufike kwenye mpini. Wavuvi wazoefu huugeuza ufito juu chini wakati wa kupambana na samaki mkubwa, ili usipinde kila siku upande mmoja, na wenye ncha mbili huzitumia kwa zamu.

Hatari nyingine ni ya mvuvi mwenyewe. Kiangazi cha Drakensberg, hasa kuanzia Novemba hadi Februari, huleta ngurumo na radi karibu kila mchana. Kaboni hupitisha umeme, na mwanzi uliolowa hauna salama zaidi. Wingu jeusi likitokea juu ya vilele, laza ufito chini na utoke majini.

Adui wa Durban

Ufito unaporudi pwani ndipo taabu yake inapoanza. Durban ina joto na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na mwanzi, hata ukiwa na vanishi, hunywa unyevu kupitia kila mkwaruzo.

Kosa la kwanza ni kuurudisha ufito uliolowa ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya bomba la chuma, na kulifunga kifuniko. Ndani ya bomba hilo hujengeka hali ya chumba cha kuogea. Kitambaa huota ukungu, viungio hushika kutu ya kijani, vanishi hupata weupe, na gundi ya kale huanza kulegea. Ufito uliodumu tangu zama za babu unaweza kuharibika kwa msimu mmoja.

Kosa la pili ni gari. Ndani ya gari lililofungwa na kuachwa juani, joto huweza kuvuka nyuzi 50 za Selsiasi. Hilo linatosha kulainisha gundi ya ngozi na kuupinda ufito uliowekwa umeegemea kiti. Ukitoka Durban alfajiri kwenda milimani, ufito ulale mahali pa kivuli, na ukisimama njiani kunywa chai, usiusahau kwenye kioo cha nyuma.

Dawa ni rahisi na haigharimu kitu. Ukifika nyumbani, futa kila kipande kwa kitambaa kikavu. Kiache usiku kucha mahali penye hewa, pasipo jua. Mfuko nao ukaushwe peke yake. Kisha utundike ufito ukiwa ndani ya mfuko, kwenye kabati lililo mbali na ukuta wa bafu na jiko. Usiuegemeze ukutani, kwa sababu mwanzi hujifunza umbo la mahali unapolala. Ukitumia bomba, acha kifuniko kikiwa wazi kidogo.

Viungio visipakwe mafuta, kwani mafuta hukusanya vumbi na vumbi hula chuma. Vifutwe tu. Vikikwama, visizungushwe kwa nguvu, kwa sababu anayezungusha huzisokota papi na kuzitenganisha. Vipoze, shika karibu na kiungio pande zote mbili, kisha vuta kwa unyofu.

Mjadala juu ya samaki mwenyewe

Mwenye kuununua ufito huu ni vyema ajue pia kwamba trauti ana kesi ya kujibu. Mwaka 1938 wanasayansi walimwelezea samaki mdogo wa asili kutoka mto uMkhomazana, chini ya njia ya Sani. Baadaye hakuonekana tena katika mto huo, na trauti ni miongoni mwa walioshukiwa. Ilidhaniwa kwamba ametoweka kabisa, mpaka alipogunduliwa tena mwaka 1970 upande wa Lesotho, ambako angali yumo hatarini.

Sheria ya bayoanuwai ya Afrika Kusini ya mwaka 2004 ilifungua mjadala mrefu kati ya serikali na wavuvi: je, trauti ahesabiwe kuwa mvamizi? Wanaomtetea wanataja ajira katika nyumba za wageni, mashamba ya ufugaji na kazi za uelekezi wa wageni, katika maeneo ya milimani yasiyo na viwanda. Wanaompinga wanauliza ni nani atakayewatetea samaki wadogo wasio na klabu. Pande zote mbili zina hoja, na mvuvi mwadilifu hazipuuzi.

Kwa vyovyote vile, anayevua ana wajibu. Azingatie vibali vya mamlaka ya Ezemvelo KZN Wildlife katika hifadhi zake, au ruhusa ya mwenye shamba. Asihamishe samaki hai kutoka mto mmoja kwenda mwingine. Na maji yakivuka nyuzi 20 za joto, aache kuvua, kwa kuwa trauti anayepigania uhai wake katika maji ya moto anaweza kufa hata akirudishwa.

Kabla ya kulipa

Kwa ufupi, anayekutana na kifurushi kile cha kitambaa, awe Durban, Nairobi au London, anahitaji dakika kumi, mwanga wa kutosha na ujasiri wa kumwambia muuzaji asubiri. Ahesabu pande, alinganishe urefu, atazame unyofu, asikilize gundi, ajaribu viungio, ndipo asome jina. Ikiwa mambo matano ya kwanza yako sawa, jina dogo lisimzuie. Ikiwa mawili yameharibika, jina kubwa lisimdanganye.

Waliorithi ufito na hawana nia ya kuvua nao pia wasikimbilie kuupiga msasa na kuupaka vanishi mpya ili upendeze ukutani. Vanishi ya asili, nyuzi za hariri na maandishi ya mkono ya fundi ndivyo vinavyobeba thamani yake, na vikishafutwa havirudi. Waufute kwa kitambaa kikavu, wautundike penye hewa, na wamwonyeshe mtu anayejua kabla hawajaugusa kwa brashi.

Na aliyeupata mzima, autumie. Springi iliyotengenezwa kupinda haidhuriki kwa kupinda kwa kiasi. Kinachoiua ni kusahauliwa ndani ya bomba lililofungwa, katika nyumba iliyo hatua chache kutoka baharini.